Unga mweupe chini ya nyuzi za fidla

Mwanagenzi: Ndugu, fidla yangu ina unga mweupe uliogandia kati ya daraja (kibao kidogo kinachoinua nyuzi) na ubao wa vidole, na kitambaa kikavu hakiuondoi. Je, naweza kuusafisha kwa spiriti?

Mpiga Fidla: Usithubutu, ndugu yangu, kwa sababu spiriti huyeyusha vanishi. Unga huo ni ulimbo, yaani utomvu mkavu unaopakwa nywele za upinde, unaodondoka kutoka kwenye upinde, na ukiachwa muda mrefu hushikamana na vanishi kiasi kwamba ni fundi tu anayeweza kuutoa salama. Baada ya unga huo kusafishwa, futa nyuzi na mbao kwa kitambaa laini kila umalizapo kupiga, kisha legeza nywele za upinde ili ufito usipoteze mkunjo wake.

Fundi Mbao: Naongeza jambo ambalo wengi hulipuuza, nalo ni daraja. Halikugundishwa, bali hushikiliwa na mkazo wa nyuzi tu, na kila unapokaza nyuzi kichwa chake huvutwa kidogo kuelekea ubao wa vidole. Litazame kwa upande: uso wake wa nyuma, yaani ule usioelekea ubao wa vidole, usimame wima. Vilevile, badilisha nyuzi mmoja mmoja, kwa kuwa ukizitoa zote kwa pamoja, kijiti kilichosimama ndani ya fidla chaweza kuanguka.

Mwanagenzi: Nashukuruni. Na unyevu wa hewa?

Fundi Mbao: Kati ya asilimia 40 na 60 unafaa, hewa kavu mno hupasua mbao.