Karakana ya mhunzi kibete: fuawe, moto wa pangoni na matiko

Mikindani_Hadithi:
Wakuu, naandika hadithi ya kubuni. Ulimwengu ni wa kubuni, ila mandhari nimeyachukua huku kwetu Kusini: vilima vya mawe kama vya Masasi, mikorosho chini yake, na ndani ya miamba wanaishi vibete wanaofua silaha. Mhusika mkuu ni mhunzi wa kike, kimo sentimita 120, kiwiliwili kipana, mikono na miguu mifupi. Nataka fundi akisoma aone kazi ni ya kweli.

Naomba msaada kwa haya: fuawe lake (bonge la chuma analofulia juu yake) liwe na kimo gani? Nyundo yake ikoje? Moto wa pangoni unawezekana, na anaweza kuchoma maganda ya korosho badala ya mkaa? Na je, akimimina chuma kilichoyeyuka kwenye kalibu (umbo la kumiminia) anapata shoka zuri?

Fuawe_Newala:
Kimo cha fuawe hakipatikani kwa kugawanya kimo cha mtu. Mhunzi husimama wima, mkono umening'inia, ngumi imefungwa. Uso wa fuawe unafika pale vifundo vya ngumi vilipo. Kwa mtu wa sentimita 170 hapo ni kama sentimita 72 hadi 76. Ukipunguza kwa hesabu, huyo mama wa sentimita 120 utampa fuawe la sentimita 52 hivi, na hapo utakuwa umemwonea. Umesema mikono yake ni mifupi na kiwiliwili ni kipana, kwa hiyo ngumi yake inaishia karibu na nyonga. Mpime kwenye ngumi, usimpime kwa kimo. Fuawe likiwa chini mno atafua ameinama na mgongo utakwisha; likiwa juu mno nyundo inatua ikiwa imelala na chuma kinapata alama za ukingo wake.

Kuhusu nyundo: nguvu ya pigo inategemea uzito na mwendo, na mwendo una uzito zaidi katika hesabu, maana unazidishwa kwa wenyewe. Mkono mfupi unachora upinde mdogo, kwa hiyo nyundo inafika na mwendo mdogo. Mhunzi wa kawaida hutumia ya kilo 1 hadi 1.5. Mpe ya kilo 2 yenye mpini mfupi, kifua na mabega yake yanaibeba. Kwa chuma kinene mpe msaidizi mwenye nyundo ya kilo 4, mhunzi mwenyewe ashike koleo na kuonyesha mahali pa kupiga kwa nyundo ndogo. Mpini uwe wa mti wa mkole. Waandishi wengi wanapenda mpingo kwa sababu ya sifa yake, lakini mpingo ni mzito na haunyumbuki, mshtuko wote unaishia kwenye kiwiko.

Mvukuto2:
Niingie kwenye moto, kwa kuwa hapo ndipo mhusika wako anaweza kufa ukurasa wa kwanza.

Mkaa ukiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Kichwa kinauma, kichefuchefu, miguu inalegea, mtu analala haamki. Pango lazima liwe na matundu mawili: moja chini la kuingizia hewa, na ufa au dohani juu ya moto wa kutolea. Tundu moja halitoshi hata liwe kubwa kama mlango. Giza la pangoni, kwa upande mwingine, ni faida kubwa. Mhunzi anasoma joto kwa rangi ya chuma, na juani nyekundu iliyofifia haionekani kabisa.

Maganda ya korosho mabichi usimpe. Yana mafuta makali yanayochubua ngozi, na moshi wake unawasha macho na kifua. Akiyageuza kwanza kuwa mkaa, nje, mbali na watu, hapo sawa. Mkaa wa miti migumu ndio bora: vipande vya ukubwa wa yai au chini yake, bila vumbi, maana vumbi linaziba hewa.

Mivukuto iwe miwili, ya ngozi ya mbuzi, ikishindiliwa kwa zamu ili upepo usikatike. Mdomo wa mvukuto usiubane ndani ya bomba la udongo linalopeleka hewa motoni. Acha upenyo wa kidole, la sivyo mvukuto ukiinuliwa unavuta moto na ngozi inaungua. Chuma kikae juu ya moto, sentimita 10 hadi 15 kutoka tundu la hewa. Kikisogea karibu na tundu kinapata hewa mbichi na kutoa magamba, yaani kutu ya moto inayobanduka.

Kukatika kwa upepo ni kisa kizuri cha hadithi pia. Katika ngano za watu wa Skandinavia kibete Brokkr alikuwa anavuta mvukuto, nzi akamuuma kwenye kope, akaacha kidogo ili amfukuze. Nyundo ya Thor, mungu wao wa radi, ikatoka na mpini mfupi.

Mikindani_Hadithi:
Asanteni sana wakuu. Limebaki la kalibu.

Feleji_Lindi:
Kalibu hapana, ndugu yangu. Chuma safi kinayeyuka nyuzi 1,538, na tanuri la mkaa la mvukuto linafika kama 1,200. Hapo mawe ya chuma yanatoa bonge lenye vitundu, limejaa mavi ya chuma (takataka za mawe zilizoyeyuka), na linafuliwa likiwa la moto hadi mavi yatoke. Chuma kikinywa kaboni nyingi, karibu sehemu 4 katika 100, kinayeyuka mapema na unaweza kukimimina, lakini shoka lake litapasuka kwenye gogo la kwanza. Ukitaka sana tukio la kumimina, mpe shaba sehemu tisa na bati sehemu moja. Hiyo inamiminika vizuri na watu wa kale walitengeneza panga nayo.

Shoka la chuma lifuliwe hivi. Achukue ubapa wa chuma laini, urefu sentimita 30, upana 5, unene 1. Ni kama kilo 1.2. Aupashe hadi manjano, aukunje katikati kuzunguka fimbo ya chuma ili tundu la mpini lipatikane. Kati ya ncha mbili apachike kipande cha feleji (chuma kigumu chenye kaboni kidogo), gramu 100 hivi, hicho ndicho makali. Anyunyize mchanga mweupe laini uyeyushe magamba, arudishe motoni hadi rangi ikaribie nyeupe na cheche za kwanza zionekane. Atoe haraka, apige mapigo mepesi ya haraka kwanza. Pigo zito la mwanzo linateleza na kutenganisha vipande. Cheche zikiwa nyingi kama fataki, feleji imeshaungua na haifai tena. Rangi ikishuka kuwa ya chungwa hakishiki, na ufa utabaki ndani bila kuonekana.

Halafu matiko, yaani kuyafanya makali kuwa magumu kwa kuyapasha na kuyapoza ghafla. Apashe makali tu, polepole, mpaka sumaku iache kuyavuta (nyuzi 770 hivi), aongeze kidogo tu. Azamishe makali yakitangulia, wima, kwenye mafuta ya ufuta yaliyopashwa nyuzi 50 au 60. Akiingiza kwa ubavu linapinda. Maji ya baridi yanapoza haraka mno, na feleji nzuri hupasuka kwa mlio mdogo mkali. Awe na kifuniko cha chuma karibu, maana mafuta hushika moto.

Sasa makali ni magumu lakini yanavunjika ovyo. Ayasugue kwa kinoo hadi yang'ae, kisha aweke nyuma ya shoka kwenye bonge la chuma cha moto. Rangi zitatembea kuelekea makali: manjano hafifu, kahawia, zambarau, bluu. Kwa shoka, zambarau ikigusa makali achovye papo hapo. Akichelewa hadi bluu iishe na kijivu kianze, makali yatajikunja kwenye mti mgumu, na arudie matiko tangu mwanzo.

Fuawe_Newala:
Nyongeza moja kwa Mikindani: ndoo ya mafuta aiweke upande wa mkono wa koleo, hatua moja kutoka motoni. Kwa miguu mifupi, hatua tatu zinatosha makali membamba kupoa kabla hayajafika kwenye mafuta.