Ngamiani inavyogeuka: waliouza, waliotolewa na waliohamia, tupeane uzoefu

Jirani_wa_14

Wagosi na wandee, salamu zenu.

Kila Idi nikirudi nyumbani nakuta nyumba nyingine Ngamiani imevunjwa, pamezungushiwa mabati, na kibao cha mkandarasi kimeshatundikwa. Kwa asiyeijua Tanga, Ngamiani ndiko ambako mitaa inaitwa kwa namba: Barabara ya Kwanza, ya Pili, unahesabu mpaka unapita ya ishirini. Nyumba zake nyingi ni zile za Kiswahili: mlango katikati, ujia toka mbele hadi uani, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, jiko na choo nyuma, baraza ya saruji mbele. Mwenye nyumba anakaa chumba cha mbele, vingine anapangisha. Hivyo ndivyo kuli wa bandarini, fundi cherehani na muuza samaki walivyoweza kuishi jirani na soko la Mgandini bila kuwa na hela ya kujenga.

Sasa hivi vijiweni wanaolaumiwa ni wageni. Linatajwa bomba la mafuta toka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaloishia Chongoleani hapa Tanga. Jiwe la msingi liliwekwa Agosti 2017, na toka hapo kila dalali mjini anaongea kama yeye ndiye mhandisi. Inatajwa na bandari kuchimbwa kina hadi mita 13, meli zikaanza kufunga gatini. Sikatai kwamba hela imeingia. Ila ninavyoona, nyumba nyingi za Ngamiani haziuzwi na tajiri, zinauzwa na mirathi. Tajiri anakuta familia imeshachokana.

Naomba tupeane uzoefu: uliyeuza, uliyetolewa, uliyenunua. Matusi wekeni pembeni.

Mama_Vitumbua

Mimi nilikuwa mpangaji. Chumba cha tatu mkono wa kulia, elfu 30 kwa mwezi, na bibi mwenye nyumba alikuwa anapokea kidogo kidogo mwezi ukiwa mbaya. Alipofariki, hata arobaini haijaisha, wanawe wakaja na mtu wa kupima.

Kilichoniumiza zaidi ya chumba ni baraza. Nilikuwa natoa jiko alfajiri, napika vitumbua palepale, wanaotoka msikitini wananunua, kisha watoto wa shule, kisha mafundi. Sikuwa nalipia kodi ya biashara, baraza ilikuwa ya nyumba. Sasa nakaa Mikanjuni. Chumba ni kizuri, sikatai, kina dirisha kubwa. Lakini wateja wangu wako kulekule, na nauli ya bajaji na ndoo ya unga inakula faida ya sahani mbili. Pale nilipokuwa napika pamekuwa ghorofa lenye geti na mlinzi. Siku moja niliweka jiko langu ukutani nje, akaniambia, "Mama, hapa bosi hataki moshi." Kijana mwenyewe kamaliza kula vitumbua vyangu viwili ndipo ananiambia!

Mrithi_namba_7

Jirani umesema kweli, nami nitatoa hesabu ili mtu asidhani tulikuwa na tamaa.

Babu aliacha mjane mmoja, wa kiume wanne, wa kike watano. Mjane ana thumni, moja ya nane. Inayobaki inagawanywa mafungu 13, mwanamume mawili, mwanamke moja. Chukua nyumba ya vyumba sita: fungu la binti mmoja halifikii hata nusu ya chumba. Unampa vipi shangazi nusu ya chumba? Alale kichwa ndani miguu kwenye ujia?

Na hapo ndipo panapoanza. Baba zetu wawili wakafariki kabla ya kugawana, tukaingia sisi wajukuu. Kodi ya wapangaji inakusanywa na ami mmoja aliyebaki pale, na kila mwaka anasema imekwenda kwenye bati. Aliyeko Mombasa anataka chake, aliyeko Muheza anataka chake. Mwishowe tukaenda Mahakama ya Mwanzo, tukatoa msimamizi wa mirathi, akapata fomu namba nne ya mahakama inayomthibitisha, nyumba ikauzwa ndani ya mwezi. Kila mtu akachukua haki yake.

Nililia? Hapana. Nilinunua kiwanja Pongwe na sasa nina nyumba yangu mwenyewe, peke yangu, siulizwi na mtu. Shangazi zangu kwa mara ya kwanza walishika hela ya baba yao mkononi. Mnaosikitikia nyumba za urithi wengi wenu hamkuwa kwenye vile vikao.

Kimanumanu

Ami wa bati yupo kila ukoo. 😂

Mhamiaji_Halali

Mimi ndiye mnayemsema. Nimetoka Dar kikazi, nimepanga apatimenti ghorofa ya pili, barabara za katikati. Nilipofika nilianza na chumba kwenye nyumba ya Kiswahili, kwa hiyo nimeona pande zote.

Wapangaji watano, mita moja ya umeme. Mnakumbuka toka mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, wakati ule shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida? Anayenunua umeme wa kwanza mwezi mpya ndiye anayekatwa. Basi tarehe mosi nyumba nzima inakaa gizani, kila mtu kwenye chumba chake, anasikilizia nani ataishiwa uvumilivu. Choo kimoja, foleni alfajiri na kopo mkononi. Ukipika nyama harufu inawaita wote. Nikipata uwezo wa kulipa choo changu na mita yangu, kosa langu nini? Yule aliyekuwa na uwezo Ngamiani miaka ile naye alijenga Raskazone au Sahare, hakubaki barazani kwa mapenzi.

Nitakubali kitu kimoja tu. Pale nilikaa miezi michache nikajulikana hadi na watoto wa mtaa wa pili. Hapa nilipo sasa simjui jina mwenye gari jeupe ninayepishana naye ngazi kila siku.

Bi_Mkubwa_Makorora

Wanangu, nawasoma nacheka. Baraza hiyo mnayoililia ndiyo iliyovunja ndoa za watu. Ukipita na kapu wanajua umenunua nini, ukipita bila kapu wanajua mume hajaacha hela.

Lakini harusi, hiyo nitawalaumu waliohamia. Sisi tulikuwa tunafunga mtaa, turubai toka nyumba hii hadi ile, wapishi uani kwa jirani, bibi harusi anapambwa nyumba ya tatu. Tanga hii ndiyo ya vikundi vya Black Star na Lucky Star kwa taarabu, Atomic na Jamhuri kwa dansi. Mji wa muziki! Juzi mjukuu wangu kaolewa, saa nne usiku mtu anachungulia dirishani ghorofani anasema ana kikao asubuhi. Tukamwambia ashuke ale biriani. Hakushuka. Mwaka huu wengi wanakodi ukumbi, na ukumbi una saa ya kufunga.

Fundi_Boriti

Mimi navunja. Nimevunja nyumba kadhaa Ngamiani Kati na Kusini, kwa hiyo niseme ninachokiona mkononi.

Kwa nje unaona plasta, ukipiga nyundo plasta inatoka bamba zima, ndani ni udongo na fito. Fito nyingi zimeliwa na mchwa kwa chini, lakini boriti za mikoko juu bado zinakataa msumari. Mwenye kiwanja mpya hazitaki, anasema toa uchafu. Mimi nazipakia kwenye mkokoteni, nauza kwa watu wa mabanda na vibanda vya nje ya mji. Mlango ukiwa wa zamani wenye nakshi, huo sifiki hata kuugusa. Kuna watu wanakuja kuununua kabla bei ya nyumba yenyewe haijakamilika.

Halafu niwaambie walio nje ya kazi hii: nyingi ya zile nyumba zilishakufa. Wapangaji sita wanalipa elfu thelathini thelathini, nani atabadilisha bati, nani atapiga msingi mpya? Ile kodi ndogo mnayoisifia ndiyo iliyoua ukuta.

Mama_Vitumbua

Fundi, kodi ikipanda ukuta unapona, mimi natoka. Kodi ikikaa chini ukuta unaanguka, mimi natoka. Sasa nielekeze.

Dalali_Asiye_Njaa

Nijitetee. Nachukua kodi ya mwezi mmoja kwa kumtafutia mtu chumba, basi. Bei hapangi dalali. Baada ya lile jiwe la Chongoleani nilikuwa napigiwa simu na watu hawajawahi kukanyaga Tanga, wanataka kiwanja "karibu na mafuta". Wengine waliuziwa mashamba ambayo mpaka leo kuna korosho tu. Ngamiani yenyewe wanaoitaka zaidi ni wafanyabiashara wa fremu, vyumba vya maduka, si watu wa mafuta. Ukitaka kujua kilichopandisha bei, tembea barabara kuu pale uhesabu maduka ya simu.

Jirani_wa_14

Mama Vitumbua, sina jibu, na sitajifanya ninalo. Lakini kuna yeyote ambaye familia yake imebaki na nyumba bila kuuza na bila kugombana? Nataka kujua mlifanyaje.

Wa_Kumi_na_Tisa

Sisi tumebaki, ila kugombana tuligombana. Dada zetu watatu walitaka chao. Tukaita mtu akathamini nyumba, tukaandikishana mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa na wakili, kisha tukatoboa vyumba viwili vya mbele vikawa fremu. Kodi ya fremu ilikuwa inakwenda kwa dada mmoja mpaka fungu lake linaisha, ndipo anafuata mwingine. Imechukua miaka, na dada mdogo alinuna kwa sababu alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Vyumba vinne vya nyuma bado tunapangisha, bei imepanda kidogo. Baraza tumeibakisha nusu, upande wa kona. Upande wa pili tuliukata ili wateja wa fremu waingie.

Mama_Vitumbua

Hiyo nusu ya baraza alfajiri ina mtu?

Wa_Kumi_na_Tisa

Kuna muuza kahawa jioni. Alfajiri haina mtu. Njoo inbox tuongee, ila moshi utoke kabla mwenye duka la simu hajafungua saa mbili.