Kipanya au matatu? Naomba ushauri

Wakuu, naandika hadithi ya watoto, mhusika anatoka Mbagala kwenda Kariakoo, Dar. Nimeandika "alidandia kipanya". Mhariri wangu, Mkenya, kauliza panya gani huyo! Kwangu kipanya ni Haisi, ile gari ndogo ya abiria, daladala ni jina la zote mpaka Kosta iliyo kubwa kidogo, na basi ni lile la mkoani lenye tiketi na namba ya siti. Mwendokasi, yale mabasi ya njia maalumu yaliyoanza Dar 2016, hauitwi daladala kabisa.

Mhariri anataka niweke matatu kote, kama Wakenya wanavyoziita. Lakini jina hilo limetokana na sarafu tatu za senti kumi, nauli ya zamani Nairobi. Konda wa Mbagala akitamka "matatu", abiria si watamcheka?

Niache kipanya nikifafanue humo humo, au niandike daladala tu? Na walioko Mwanza na Arusha, kipanya bado mnakisema?