Nimeandikiwa talaka, sasa nyumba inatafutiwa mnunuzi. Nianzie wapi?

Mama Tatu wa Moro

Asalaam aleykum, na wengine wote habari zenu. Naomba msaada kwa anayeijua Sheria ya Ndoa ya Tanzania, jambo langu haliwezi kungoja.

Tulifunga ndoa ya Kiislamu, cheti ninacho. Kiwanja cha Kihonda, hapa Morogoro, mume wangu alikuwa nacho kabla hajanioa, kikiwa na msingi tu ulioota majani. Nyumba tumeinyanyua tukiwa wote. Yeye ni dereva wa lori, muda mwingi yuko safarini, kwa hiyo wa kushinda na mafundi nilikuwa mimi. Nilihesabu tofali zikishushwa, nilimwagilia kuta asubuhi na jioni zisipasuke, nikawapikia. Hela ya milango na madirisha imetoka kwenye cherehani yangu. Ninalo daftari nililoandika kila mfuko wa saruji ulioingia, na risiti zipo, nyingine wino umefifia lakini zinasomeka.

Mwezi uliopita kaniandikia talaka moja kwenye karatasi mbele ya shahidi, akaniambia nirudi kwetu. Juzi kaja na dalali na mtu nisiyemjua, wakapita chumba hadi chumba. Kuuliza, najibiwa kwamba karatasi za kiwanja zina jina lake na mama wa nyumbani hana chake. Mtoto wetu wa mwisho ana miaka mitano, na baba yake anasema atamchukua.

Ni kweli sina changu? Niondoke?

Mkweli

Pole dada. Ninavyojua mimi, kiwanja alichokuwa nacho kabla ya ndoa ni chake. Mwombe akupe chochote myamalize kwa amani, mahakamani mtazungushana tu.

Bi Mwanaidi

Mama Tatu, pole sana mdogo wangu. Usiondoke kwenye hiyo nyumba.

Mimi ni msaidizi wa kisheria na mambo haya ndiyo ninayoshinda nayo. Kaka Mkweli, nakuheshimu, ila ushauri kama huo umewatoa wanawake wengi kwenye nyumba walizojenga kwa jasho lao. Kauli ya kwamba mama wa nyumbani hana chake ilikataliwa na Mahakama ya Rufani tangu 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Majaji walisema kazi za nyumbani na malezi ya familia ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Na wewe huna kazi za nyumbani peke yake, una cherehani na lile daftari.

Kuhusu kiwanja: kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema hata mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa inaingia kwenye mgawanyo ikiwa imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake, au na wote wawili, wakati wa ndoa. Msingi wenye majani ukawa nyumba ya kuishi, hayo ni maendeleo makubwa. Lakini usidanganywe na wanaosema ni nusu kwa nusu moja kwa moja. Mahakama inapima mchango wa kila mmoja, wa fedha, mali au kazi, inaangalia madeni na mahitaji ya watoto, ndipo inaelekea kwenye usawa. Kwa hiyo toa nakala ya kila ukurasa wa daftari na kila risiti leo, halisi umpe mtu unayemwamini akutunzie nje ya hapo nyumbani. Andika na majina ya mafundi waliokuona pale, watakuwa mashahidi.

Kuhusu kuuza: kifungu cha 59 kinamkataza mwenye nyumba ya ndoa kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake maadamu ndoa ipo. Na kwa sheria ya nchi ndoa yako bado ipo, kwa sababu karatasi ya talaka pekee haiivunji, inayoivunja ni amri ya mahakama. Mlango wa kwanza ni baraza la usuluhishi wa ndoa. Kwa Waislamu wengi huwa ni la BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, ila la kata nalo linafaa. Likishindwa kuwapatanisha litatoa hati, na ukienda nayo Mahakama ya Mwanzo shauri linapokelewa. Ukiruka hatua hiyo, kwa kesi kama yako, hata ukishinda hukumu inaweza kufutwa kwenye rufaa. Nimeona mama akianza upya kwa ajili ya karatasi hiyo moja.

Abu Salim

Naongeza upande wa dini. Talaka moja ni ya rejea, yaani mume anaweza kumrudia mkewe, na ndani ya eda, ule muda wa kusubiri baada ya talaka, mke hatolewi nyumbani, hilo limo kwenye Suratut Talaq aya ya kwanza. Anayekwambia urudi kwenu sasa hivi hana hoja hata kwa shehe.

Mama Tatu wa Moro

Allah awalipe, nimelia kusoma. Kiwanja hakijapimwa, hakina hati. Kuna mkataba wa kununulia tu wenye muhuri wa serikali ya mtaa. Nizuieje? Na mtoto?

Bi Mwanaidi

Kingekuwa na hati ungeweka zuio kwa Msajili wa Hati. Kwa kuwa hakina, mnunuzi naye atautaka muhuri uleule wa mtaa, basi wahi wewe. Andika barua kwa mwenyekiti na mtendaji kwamba hiyo ni nyumba ya ndoa na hujaridhia iuzwe, ambatanisha nakala ya cheti cha ndoa, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Dalali naye mpe nakala mbele ya mtu. Shauri likishafunguliwa, omba mahakama itoe amri ya zuio.

Mtoto wa chini ya miaka saba sheria inadhania anafaa kukaa na mama. Baba anaweza kulipinga hilo kwa ushahidi, na kinachotazamwa kwanza ni ustawi wa mtoto. Akikaa kwako, jukumu la baba kumtunza liko palepale, liombe kwenye madai yaleyale.

Barua ipeleke kesho asubuhi ofisi ikifunguliwa, baraza ufuate baadaye.

Mama Tatu wa Moro

Naiandika usiku huu. Nikigongewa muhuri nitarudi kuwaambia.