Mjadala: Je, nyongeza ya gemu ipimwe kwa mizani ya gemu kamili?

Mleta mada, Sakina, Arusha

Wapenzi wa gemu wa Arusha na Moshi, naleta kwenu hoja ambayo tumeibishania tangu mwishoni mwa 2024 bila kuimaliza. Novemba ya mwaka ule, kati ya gemu sita zilizoteuliwa kuwania tuzo kuu ya The Game Awards, tuzo za kila mwaka za gemu, mojawapo ilikuwa Shadow of the Erdtree, ambayo haijitegemei bali ni nyongeza ya Elden Ring, gemu iliyokwisha kuibeba tuzo hiyohiyo mwaka 2022. Iliyoshinda ni Astro Bot, na wengi wakaona yamekwisha. Mimi bado naona uteuzi ule haukuwa sahihi, na nasema hivyo nikiwa mmoja wa walioipenda nyongeza hiyo kupita kiasi.

Tuanze na mlango wake. Huwezi kuingia katika Nchi ya Kivuli, yaani ulimwengu wa nyongeza hiyo, mpaka uwe umewaua mabosi wawili, Radahn na Mohg, katika gemu mama, kisha uuguse mkono uliokauka unaoning'inia kutoka kwenye kifukofuko cha mhusika aitwaye Miquella. Mohg si bosi wa kukutana naye njiani. Mchezaji mgeni atatumia makumi ya saa kabla hajamfikia. Chumba ambacho mlango wake uko ndani ya nyumba nyingine hatukiiti nyumba.

Hata uzuri wake mkubwa unatokana na gemu mama. Mchezaji anayekuja na levo 150 na silaha alizozihangaikia tangu 2022 anajikuta anapigwa kama mwanafunzi wa siku ya kwanza, kwa sababu nguvu inayohesabika zaidi huko ni ile ya vipande vya mti wa Scadutree unavyookota, ambavyo viko 50 na vimetawanywa ramani nzima. Nilimshuhudia jamaa mmoja kwenye banda la gemu Ngarenaro akienda moja kwa moja kwa bosi wa mji wa Belurat, simba mcheza ngoma, bila kipande hata kimoja. Ukimtazama simba yule vizuri utaona miguu ya watu chini ya vazi lake, na ukianza kuzoea upepo wake anakuletea radi, ukiizoea radi anakuletea barafu. Jamaa alikufa kuanzia alasiri hadi magharibi, akalipia saa tatu, akaondoka bila kuaga. Kesho yake alimpa simba mgongo, akazunguka mabondeni kuokota vipande, na alipomrudia alimmaliza katika jaribio la nne. Thamani ya kazi hii iko hapo: inamlazimisha bingwa kuanza upya. Asiyewahi kuwa bingwa ataanzaje upya?

Mchangiaji, Majengo, Moshi

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa utulivu na sikubaliani nawe. Neno "nyongeza" limebebeshwa mambo yasiyolingana. Mwaka 2006 wachezaji wa gemu ya Oblivion waliuziwa vazi la chuma la farasi kwa dola 2.50, nalo likaitwa nyongeza. Miaka kumi baadaye Blood and Wine, nyongeza ya The Witcher 3, ikaleta nchi nzima ya Toussaint, yenye mashamba yake ya mizabibu, hadithi yake na mwisho wake, nayo ikaitwa nyongeza vilevile. Hiyo Blood and Wine ndiyo iliyochukua tuzo ya gemu bora ya kuigiza uhusika kwenye The Game Awards mwaka 2016, ikaiacha nyuma Dark Souls III ya FromSoftware, yaani watengenezaji walewale wa Elden Ring. Jina moja likiweza kubeba vazi la farasi na nchi nzima, basi si kipimo cha kitu chochote. Tupime kazi iliyofanyika, na hapa tunazungumzia aina nane mpya za silaha, ramani yenye ghorofa juu ya ghorofa, na Messmer, ambaye kwa maoni yangu ni bosi bora kuliko karibu wote wa gemu mama.

Mchangiaji, Njiro, Arusha

Tukipima kazi, tupime na mapengo. Pwani ile ya maua ya buluu inapendeza machoni, lakini unaendesha farasi kutoka mwanzo hadi mwisho ukiokota vitu ambavyo hata mwanzoni mwa gemu usingevitaka. Msitu wa Abyssal unakunyima hata huyo farasi, nami nilifurahia hofu ya dakika kumi za kwanza, kisha nikabaki natembea tu. Tusisahau pia kwamba nyongeza ilitoka tarehe 21 Juni 2024 na kabla mwezi haujaisha watengenezaji walikuwa wameongeza nguvu ya vipande vya mwanzo kutokana na malalamiko, na Septemba wakampunguzia makali bosi wa mwisho. Bosi mwenyewe ni Radahn, ambaye tulikwisha kumuua mara moja ili turuhusiwe kuingia. Kwa dola 39.99 nilitarajia sura mpya.

Mchangiaji, Soweto, Moshi

Kaka yangu mleta mada, hoja yako ya mlango ni ya mtu mwenye mashine yake nyumbani. Bei hiyo ni kama shilingi laki moja kwa hela yetu, na bado hujahesabu gemu mama wala bando la kuishusha. Huku kwetu wengi wanacheza mabandani, ambako nyongeza ikishanunuliwa inachezwa kwenye faili moja la mwenye banda lililohifadhi hatua zilizokwisha kuchezwa, na Mohg alikwisha kuuawa na mtu ambaye huenda hawamjui. Mdogo wangu aliingia Nchi ya Kivuli hivyo hivyo, bila kuwahi kuicheza Elden Ring hata saa moja. Alipokezana padi na wenzake kwa wiki tatu, alikufa sana, na alipenda sana. Kile ulichosema kwamba hakiwezekani, kijana wa sekondari amekifanya.

Mleta mada, Sakina, Arusha

Dada, hoja ya mlango naiondoa. Umenishinda kwa haki. Lakini naomba unijibu jambo moja, kwa sababu linamgusa pia ndugu yetu wa Njiro. Mimi nilipomwona bosi wa mwisho nilizitambua nywele zake nyekundu na zile panga mbili kabla jina lake halijatokea, na moyo ukanishuka, nikasema moyoni kwamba wamekosa la kutuletea. Je, mdogo wako alionaje?

Mchangiaji, Soweto, Moshi

Nimemuuliza jioni hii. Anasema hajawahi kuona bosi wa kutisha kama yule, hasa yule mwingine anapokuja kupanda mgongoni mwake na uwanja mzima ukajaa mwanga. Kisha akaniuliza kama ninamjua huyo wa mgongoni ni nani, na kwa nini jitu kubwa namna ile limekubali kumbeba.

Mleta mada, Sakina, Arusha

Kwa hiyo bosi yuleyule ni kasoro kwangu na ni ajabu kwake, na sehemu ya jibu la swali lake iko kwenye ile gemu ambayo hajaicheza. Mwambieni mwenye banda amfungulie faili jipya.