Naomba ushauri: bajeti ya safari ya nje inayumba kila nikiigusa

Ndugu wanachama, habari za wakati huu. Ninajiandaa kwa safari ya siku 14 katika nchi ya kigeni, yangu ya kwanza, na nimekwama kwenye bajeti. Nauli ya ndege, ada ya viza na bima ya safari nimekwisha kuzilipa. Kinachonitatiza ni fedha za matumizi nikiwa huko.

Niliandika daftarini makadirio ya kila siku ya malazi, chakula na usafiri, kisha nikazidisha kwa 14. Hesabu ilikaa vizuri mpaka nilipogundua kwamba nilikuwa nimetumia kiwango cha kubadilishia fedha kinachoonyeshwa mtandaoni, ambacho ni cha katikati ya bei ya kununua na ya kuuza, ilhali benki yangu huniuzia fedha za kigeni kwa bei ya juu zaidi na hukata ada kila ninapotoa fedha au kulipa kwa kadi. Tena hoteli niliyoichagua huzuia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana hadi siku ya kuondoka. Fedha ni zangu, lakini sizigusi! Mstari huo nimeufuta na kuuandika upya mara 3.

Naomba kuuliza mambo mawili. Mliokwisha kusafiri, huwa mnatenga asilimia ngapi ya bajeti kwa ajili ya dharura na mabadiliko ya thamani ya fedha? Na mashine ya malipo inaponitaka nichague kati ya sarafu ya nyumbani na ya nchi niliyopo, nichague ipi nisije nikapunjika?

Natanguliza shukrani.