Katuni yangu ya anga za mbali haitishi, nimekosea wapi?

Wakuu, heshima kwenu. Nachora katuni ya kurasa 24: fundi mitambo kabaki peke yake kwenye chombo cha angani, wenzake hawajulikani walipo. Mitambo nimeichora mpaka nati. Nikampa mdogo wangu, kamaliza dakika tatu, kasema "michoro mikali." Hukuogopa? Akacheka. Nimeongeza maelezo ("ukimya wa kutisha ulitanda") ndiyo kwanza ikaharibika. Nifanyeje?

Wino Mweusi: Futa hayo maelezo. Ukishaandika "ukimya", ushaupigia kelele. Moebius, yule mchora katuni Mfaransa, alitoa katuni ya Arzach mwaka 1975 kwenye jarida la Métal Hurlant: mtu anasafiri mgongoni mwa ndege anayefanana na dude la kale, na hakuna anayesema neno. Hujui yuko wapi wala katumwa na nani, na hapo ndipo roho inapokaa juu juu. Wewe umetueleza kila kona.

Bi Fremu: Mimi naona mwendo. Kurasa 24 kwa dakika tatu, jicho halina pa kutua. Otomo, yule Mjapani, alichora katuni ya Akira kuanzia 1982 hadi 1990, kurasa zaidi ya 2,000, na mji ukibomoka anaachia kurasa nzima bila maongezi. Chora korido ileile mara tatu. Kwenye fremu ya tatu mlango wa mwisho uwe wazi kidogo. Fundi asishtuke, tushtuke sisi.

Mzee wa Penseli: Na taa! Umeme ukikatika usiku ukawasha tochi ya simu, unaogopa kilichomulikwa au kilichobaki nyuma yake? Chombo chako kinang'aa kama duka la simu. Ila ukitoa fotokopi angalia, weusi mwingi hutoka kijivu.

Wino Mweusi: Fotokopi zimeniliza sana hizo.

Shangazi Galaksi: Nawapinga kidogo. Lazima itishe? Mtu aliyeachwa peke yake mimi ananitia huzuni kwanza. Punguza nati, tuonyeshe vitu vya wenzake: kandambili mlangoni, vikombe vya chai.

Mwenye uzi: Shangazi, umenimaliza. Nimeufuta ukurasa wa 5 wote, nimechora meza na vikombe sita. Dogo kapita, kisha akarudi nyuma kuhesabu. Kaniuliza, "Si ulisema wapo watano?" Wakuu, nilikosea tu kuhesabu. Hicho cha sita nakiacha hivyohivyo.

Bi Fremu: Kiache. Na kitoe mvuke.